Habu za mkono na habu za kujifunga: hoja iliyosahaulika

Habu za kufungwa kwa mkono, yaani vifaa vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na shafti zake au kuyatenganisha nazo, zinazidi kupungua katika magari ya fowili (yanayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne), na madereva wengi wanaona hilo ni jambo la kushangilia. Wanauliza kwa nini mtu ashuke kwenye tope, achutame mbele ya gurudumu na kugeuza kitufe, kisha azunguke upande wa pili kurudia kazi hiyohiyo, ilhali mwenye gari lenye habu za kujifunga anavuta gia au kubonyeza swichi akiwa amekaa kwenye kiti chake. Swali lao ni la haki. Hata hivyo, naona habu za mkono zinahukumiwa zaidi kwa namna zinavyotumiwa vibaya kuliko kwa namna zilivyoundwa.

Katika gari ambalo fowili yake huwekwa na kutolewa, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) ikiwa kwenye 2H, yaani magurudumu mawili, nguvu ya injini huenda ekseli ya nyuma peke yake. Magurudumu ya mbele yanaendelea kuviringika, na kama yameshikamana na shafti zake yatazizungusha bure, pamoja na difu ya mbele (gia zinazogawa mzunguko kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) na propela shafti yake inayotoka kwenye transfa. Habu ndiyo inayokata mshikamano huo. Ndani yake mna pete yenye meno: kitufe kikigeuzwa kwenye LOCK, pete husogea ikaumana na shafti, na gurudumu na shafti vikazunguka pamoja, kikirudishwa kwenye FREE, pete hujitoa, gurudumu likabaki kuzunguka juu ya beringi zake huku shafti imetulia. Ndiyo kazi iliyofanywa na habu za Arthur Warn wa Marekani, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1948 kwa ajili ya wenye Jeep zilizobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Habu za kujifunga ni za aina zaidi ya moja. Katika aina ya zamani, shafti ikianza kuzungushwa na transfa, kamu (kipande chenye mteremko) husukuma pete mpaka iumane, na ili kuiachia dereva hurudi 2H kisha hurudisha gari nyuma hatua chache. Nyingine, kama zile za Suzuki Jimny, hutumia mvuto wa hewa unaopitia mirija myembamba ya mpira mpaka kwenye gurudumu. Faida yao haina ubishi pale barabara inapobadilika kila baada ya muda mfupi, au gari moja linapoendeshwa na watu wengi wasio na mazoea nalo. Tena zinamkinga dereva na kosa ambalo habu za mkono hazimwonyeshi, yaani kufunga upande mmoja na kuusahau wa pili. Hapo difu hupeleka mzunguko wote kwenye shafti isiyoshika gurudumu, na ekseli ya mbele haivuti chochote hata kama gia imewekwa sawasawa.

Lakini lile lalamiko kubwa la kushuka kwenye tope linatokana na desturi ya kungoja mpaka gari lizame. Habu zinaweza kufungwa kabla ya safari kuanza na kubaki hivyo siku nzima, hata msimu mzima wa mvua, gari likienda 2H kwenye lami kama kawaida na kuingizwa 4H, yaani magurudumu yote manne, pale njia inapoharibika. Kufanya hivyo hakuvunji kitu. Kinachoumiza gari ni kuendesha kwenye 4H juu ya lami kavu, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hupita umbali tofauti, na magari ya aina hii hayana difu ya katikati ya kuimeza tofauti hiyo, basi mkazo hujilimbikiza katika gia na shafti. Watu huchanganya mambo haya mawili, kisha wanaogopa kufunga habu mapema. Vitabu vya maelekezo vya Toyota, kwa baadhi ya magari yake, vinashauri kuendesha kwenye fowili angalau kilomita 16 kila mwezi ili sehemu za mbele zipate mafuta ya kulainisha. (Wanaozitetea habu za mkono kwa kuokoa petroli au dizeli nao hutia chumvi, akiba hiyo ni ndogo.)

Jambo linalonifanya niegemee upande wa mkono ni gari lililokwama. Mbinu ya kwanza ya kulitoa ni kulisogeza mbele na nyuma kwa zamu, mpaka matairi yajitengenezee nafasi. Habu ya kamu hushika kwa kufuata mwelekeo wa mzunguko, kwa hiyo kila mwelekeo unapogeuzwa huachia kwanza, ndipo ishike upya, wakati mwingine kwa mshindo. Katika nafasi hiyo fupi magurudumu ya mbele hayavuti, nayo ndiyo nafasi ambayo dereva alikuwa akiihitaji. Habu za hewa hazina tabia hiyo, ila mrija ukipasuka au sili ikivuja haziumani, na katika baadhi ya magari taa ya fowili kwenye dashibodi inaeleza hali ya transfa tu. Aliyegeuza kitufe kwa vidole vyake anajua kilipo. Jointi ya shafti ya mbele ikivunjika mbali na fundi, anaziachia habu zote mbili na kurudi kwa kuvutwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye gari ambalo fowili yake ni ya kudumu, vipande vya jointi hiyo vitaendelea kusagana mpaka shafti ing'olewe.

Ndiyo maana baadhi ya wanaosafiri peke yao huzing'oa habu za kujifunga na kuweka za mkono. Wakifanya hivyo, wazikumbuke wakati wa matengenezo. Grisi nzito ikijazwa ndani huizuia pete kusogea, kwa hiyo inatosha kupaka kidogo tu, na kitufe kikikataa kugeuka kwa vidole habu ifunguliwe na kusafishwa, kwa kuwa kukilazimisha kwa plaizi huvunja kifuniko na kuruhusu maji kuingia mpaka kwenye beringi.