Mchuzi Kabla ya Pilau

Siku waliyokuja watu kumposa shemeji yangu, kule Tanga, mimi mkwe mkubwa nilipewa kazi moja tu: muziki. Sikuambiwa kuchinja, wala kupanga viti, wala kwenda stendi kupokea wageni. Mama mkwe alisema, "Baba, wewe tuwekee kitu laini laini, kisitukatishe mazungumzo." Nikaitikia kama mtu aliyeapishwa uwaziri.

Flashi yangu ilikuwa na taarabu ya kutosha kuozesha mji mzima. Tatizo ni kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeichomeka kwenye sabufa ya baba mkwe kwa mambo yangu mwenyewe, na sikuyafuta. Mambo yangu, wanaonijua wanayajua: ni wimbo mmoja wa Beatles, ile bendi ya Uingereza, unaitwa Strawberry Fields Forever.

Naupenda wimbo huu kupita kiasi, na sina utetezi. John Lennon, mmoja wa Beatles, aliutunga mwaka 1966 akiwa Almería, Hispania, alikokwenda kuigiza filamu. Jina limetoka Strawberry Field, iliyokuwa nyumba ya kulelea watoto ya Jeshi la Wokovu kule Liverpool, jirani na alikokulia. Novemba 24 mwaka huohuo yeye na wenzake wakaingia nao studio za EMI, Abbey Road, London, wakapiga teki ya kwanza, yaani jaribio la kwanza la kurekodi. Hawakuridhika. Wakarudi siku nyingine, wakapiga tena. Bado. Mwisho Lennon akataka tarumbeta nne na selo tatu, wakaanza upya kabisa. Wenye mali walikuja kuziuza zile teki za majaribio, nyingine mwaka 1996, nyingine 2017, na mimi ninazo: ya 1, ya 4, ya 7, ya 26, halafu wimbo wenyewe uliokamilika. Naweza kuzisikiliza zote mfululizo, nikarudia. Mke wangu anasema ni sawa na kumwangalia mtu anatafuta ufunguo.

Basi wageni wakaingia. Wazee sita na mshenga wao, kanzu zimenyooka, kofia za viua. Mmoja wao, mzee mwembamba asiyesema kitu, nilinong'onezwa kwamba enzi zake alikuwa fundi redio. Mwingine aliwahi kufanya kazi melini, na hilo sikunong'onezwa, alilitaja mwenyewe kabla hajakaa. Wakapewa juisi ya ukwaju. Taarabu ikapiga vizuri, sauti ya chini, baba mkwe akanitupia jicho la kuridhika. Sikumbuki kama aliwahi kunitupia jicho lile kabla.

Ile sabufa haina kioo cha kuonyesha majina, ina tarakimu nyekundu tu. Zilipofika 38 taarabu ikaisha, na mimi nikasikia gitaa ninalolijua kuliko sauti ya mama yangu. Teki ya kwanza.

Sikuogopa sana. Teki ya kwanza ni tulivu, kama mtu anaimba barazani jioni. Mshenga alitikisa kichwa kidogo. Nikajiambia, acha ipite.

Ikapita, ukaanza wimbo uleule. Wazee wakavumilia. Ukaisha, ukaanza tena. Hapo baba mkwe akageuka taratibu. "Mwanangu, mbona limekwama?"

"Halijakwama, baba. Ni... wanajaribu."

"Nani wanajaribu?"

Nikatafuta rimoti. Rimoti ilikuwepo, betri hazikuwepo, mzee alizihamishia kwenye saa ya ukutani wiki ile. Na sabufa yenyewe ilikuwa kona ya mbali, nyuma ya kochi walilokalia wageni. Kuifikia ilikuwa lazima nipite katikati ya wazee sita na mshenga, mbele ya miguu yao, huku mazungumzo ya posa yakiendelea. Mkwe gani anafanya hivyo? Nikabaki kwenye stuli yangu, jasho likinitoka kwenye makalio, nikamwomba Mungu umeme ukatike. Umeme ule unaokatika kila siku saa kumi, siku hiyo ulikaa.

Ikaja teki ya 26. Hii haina ubarazani hata kidogo. Ngoma zinakimbia, tarumbeta zinafoka. Mtoto aliyekuwa amelala ukumbini akaamka analia. Mzee wa melini akasema kwa sauti, "Huu wimbo umepandwa na nini?"

Halafu ukafuata wenyewe uliokamilika, na huu ndio ulioniua. Wanaoujua wanajua hila yake: unafifia mpaka unaisha kabisa, unakaa kimya, kisha unarudi kutoka mbali na makelele yasiyo na kichwa wala miguu.

Ulipofifia, mshenga aliona Mungu amejibu. Akakohoa, akatoa bahasha ya posa mfukoni, akaiweka juu ya kitambaa cha mezani, akaiweka sawa kwa kidole ili jina lielekee kwa baba mkwe. "Ndugu zangu," akasema, "hatukuja kutembea. Tumeona ua katika bustani yenu..."

Sabufa ikarudi: vuuuu, paka-paka-paka, filimbi kama za paka wawili juu ya bati. Mshenga alinyanyuka nusu. Na kwenye mkia kabisa wa makelele yale, sauti ya mwanamume, nzito, iliyovutwa, ikatamka maneno mawili.

Mzee wa melini akainua mkono. "Nimemsikia," akasema. "Anasema amemzika mtu."

Ukumbi ukanyamaza. Mambo ya posa, na mtu anazungumza kuzika. Mama mdogo mmoja pale mlangoni alishika kifua.

Sasa, hilo si geni. Marekani na Uingereza watu walisikia hivyohivyo, na mwaka 1969 uvumi ulienea kwamba Paul McCartney wa Beatles amekufa na wenzake wanaficha. Ukweli ni kwamba Lennon anasema "cranberry sauce", yaani mchuzi wa matunda fulani mekundu, na kwenye rekodi iliyotolewa 1996 anasikika vizuri. Yote hayo ningeweza kuyaeleza kwa utulivu. Badala yake niliruka kutoka kwenye stuli nikapiga ukelele:

"Hapana! Anasema mchuzi! Mchuzi, wazee wangu! Mchuzi!"

Jikoni wakasikia. Walichosikia ni mkwe mkubwa anadai mchuzi kwa sauti ya mtu anayeibiwa. Haikufika dakika, pazia likafunguka, mama mkwe mwenyewe na mabinti wawili nyuma yake, kila mmoja na bakuli linalofuka moshi. Pilau ilikuwa bado iko jikoni na makaa juu ya mfuniko. Wakatenga mabakuli matatu ya mchuzi wa nyama mbele ya watu wasio na sahani wala kijiko. Binti wa pili alitetemeka kidogo, tone likaruka, likatua juu ya bahasha, palepale kwenye jina la baba mkwe. Tukalitazama sote. Lilianza dogo kama punje ya choroko, likatanuka polepole, likawa duara la manjano lenye ukingo wa mafuta.

"Ahsante," alisema mshenga, kwa kuwa ni mtu wa adabu, na hakuwa na neno lingine.

Hapo ndipo yule fundi redio, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu shikamoo, akainuka. Akazunguka kochi, akainama kwenye sabufa, akabonyeza kitufe cha kurudisha. Wimbo uliokamilika ukaanza upya. Baba mkwe akataka kusema kitu, yule mzee akamwonyesha kiganja.

"Hii filimbi ya mwanzo," akasema, "inatoka kwenye utepe. Hapulizi mtu."

Nikaduwaa. Ni kinanda cha Mellotron. Kila kibonye kinavuta kipande cha utepe chenye sauti iliyokwisha kurekodiwa. Sikupata nafasi ya kumweleza, maana alikuwa ameinua kidole na kuinamisha kichwa. Ilipokaribia dakika moja, kidole kikashuka.

"Hapa pameungwa. Huku mtu mmoja, huku mtu mwingine. Na huyu wa pili wamempunguza mwendo, ndiyo maana ana sauti ya mgonjwa."

Jamani. Lennon alipenda mwanzo wa teki ya 7 na mwisho wa ile ya 26. Akamwambia mtayarishaji wao, George Martin, aziunge. Martin akamweleza kwamba haziendani ufunguo wa muziki wala kasi. Lennon akamwachia tatizo, akaenda zake. Desemba 22, Martin na fundi mitambo Geoff Emerick wakabadili kasi ya mashine, wakakata utepe, wakaunga, na bahati ikawa upande wao. Mimi nilisikiliza miaka kumi na moja bila kushtuka. Nilisoma ndipo nikaanza kupasikia, na siku nyingine nasikia kwa kujilazimisha. Mzee huyu alikuwa anausikia kwa mara ya pili maishani, na bakuli la mchuzi mbele yake.

Posa ilipokelewa, doa na yote. Baba mkwe aliisoma kwa kuishika pembeni.

Fundi aliondoka na flashi yangu, aliiomba, ningekataaje? Ilirudi baada ya wiki tatu, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nikaichomeka. Teki ya 4 hakuna, ya 7 hakuna, ya 26 hakuna, hata wimbo uliokamilika ameufuta. Amebakiza teki ya kwanza peke yake, na kwenye ile karatasi ameandika kwa kalamu ya risasi: "Hii ndiyo nzima. Zile zingine viraka." Nafasi iliyobaki ameijaza taarabu.