Shangazi hakusahau chochote

Neno lililonikera ni moja, na lilikuwa limechapwa kwenye ripoti ya picha: "imesahaulika". Stenti ya mrija wa mkojo, upande wa kushoto, imesahaulika; yaani kijirija cha kupitishia mkojo kimeachwa ndani ya mwili. Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, shangazi ameketi kwenye benchi mbele yangu kashika ubavu, na tangu siku ile halijanitoka kichwani. Imesahaulika na nani?

Miaka mitatu kabla ya hapo shangazi alitolewa jiwe kwenye mrija unaoshuka kutoka figo. Operesheni ilikwenda vizuri. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji daktari alimwambia, "Mama, tutakuwekea mpira ili mkojo upite." Akaitikia. Alipozinduka aliukuta mpira kweli, ule unaotoka nje na kuishia kwenye mfuko pembeni mwa kitanda. Kesho yake asubuhi nesi akaja, akauchomoa, akamwambia, "Tayari mama, mpira umetoka." Mchana akaruhusiwa.

Mipira ilikuwa miwili. Mmoja wa kibofu, ambao aliuona kwa macho yake ukitolewa. Wa pili, ambao ndio stenti, ulikuwa juu zaidi, ncha moja imejikunja ndani ya figo na nyingine ndani ya kibofu, hauonekani wala haushikiki. Kwa lugha ya wodini yote ni mpira. Kwa hiyo mtu mzima, mwenye akili zake timamu, aliambiwa atawekewa mpira, kisha akaambiwa mpira umetoka. Alitakiwa akumbuke nini?

Nilimwomba cheti chake cha kuruhusiwa. Alikuwa nacho, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na risiti zote, maana shangazi hatupi karatasi. Juu kuna jina la operesheni, katikati dawa tatu, na chini kabisa, kwa wino uliokuwa unaishia, herufi mbili, D na J, na mbele yake "wiki 4". Basi. D na J ni kifupi cha stenti ya umbo la J mbili, madaktari wote wanajua. Shangazi aliisoma ile "wiki 4" kuwa ni muda wa kupumzika asibebe vitu vizito, na akapumzika wiki nne kamili.

Stenti yenyewe sina ugomvi nayo. Figo iliyoziba na kuingia usaha inaweza kumuua mtu kwa siku chache, na kijirija hicho chenye unene wa milimita mbili hivi ndicho kinachofungua njia. Stenti za J mbili zilianza kuandikwa kwenye majarida ya kitabibu mwaka 1978 na zimeokoa figo nyingi tangu hapo. (Jina la stenti, kwa wasiojua, limetokana na Charles Stent, daktari wa meno Mwingereza wa karne ya 19 aliyetengeneza mchanganyiko wa kuchukulia umbo la meno.) Ila ni kifaa cha muda. Baada ya kutolewa jiwe hukaa siku kadhaa au wiki chache. Stenti nyingi za kawaida hazitakiwi kuvuka miezi mitatu hadi sita bila kutolewa au kubadilishwa, na kwa mjamzito hubadilishwa mapema zaidi kwa sababu kwake chumvi hujijenga haraka.

Chumvi ndiyo kisa chote. Mkojo una chumvi, na chumvi hupenda kushika kitu kigeni, kama unavyoona ukoko mweupe ndani ya birika la kuchemshia maji. Bakteria nao hujitandaza juu ya plastiki, na baadhi yao hubadili mkojo ukawa wa namna inayogandisha mawe kwa kasi zaidi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1991 uliangalia stenti zilizotolewa kwa nyakati tofauti: zilizokaa chini ya wiki 6, asilimia 9.2 zilikuwa na ukoko. Za wiki 6 hadi 12, asilimia 47.5, zilizozidi wiki 12, asilimia 76.3. Zirudie hizo namba taratibu, halafu fikiria miaka mitatu.

Picha ya shangazi niliiona. Daktari aliiweka kwenye kioo chenye mwanga, akanionyesha mstari mwembamba unaoshuka pembeni mwa uti wa mgongo. Juu, kwenye figo, mstari uliishia kwenye donge jeupe. Chini, kwenye kibofu, donge jingine, kubwa kuliko la juu, la mviringo kama yai. Shangazi alikuwa anatembea na hicho kitu, analala nacho, anasafiri nacho. Alikuwa akilalamika kwenda haja ndogo kila mara, wakati mwingine damu kidogo, na ubavu unaochoma akikojoa. Mara tatu kwa vituo tofauti aliambiwa ni UTI, akapewa dawa za kumeza. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuwekewa kitu.

Kama angeitwa kwa wakati, kazi ingekuwa ya dakika chache: jeli ya ganzi, kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, kikoleo kinaishika ncha, inavutwa, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Baada ya miaka mitatu hakuna kuvuta. Ukivuta stenti iliyoganda kwa nguvu unaweza kuichana mirija au kuing'oa kabisa, au stenti yenyewe ikakatika ukabaki na vipande. Kwanza walimfanyia picha ya CT, kisha kipimo cha kuona figo ile bado inafanya kazi kiasi gani, kwa sababu kuna wagonjwa wanaofika figo imeshakufa na kinachobaki ni kuitoa. Yake ilikuwa hai, ingawa imepungua nguvu kuliko mwenzake.

Halafu nusu kaputi mara mbili. Siku ya kwanza walivunja donge la kibofu na kusafisha chini. Baada ya wiki kadhaa wakarudi: leza kupitia mrija wa mkojo, na kwa lile la juu wakatoboa tundu dogo mgongoni hadi ndani ya figo, wakalisaga, wakatoa. Daktari wa upasuaji, kijana mpole aliyekuwa amesimama saa nyingi, alitoka na kichupa. Ndani yake ile stenti, imekatika vipande viwili, imevimba kwa ukoko wa kahawia, ngumu kama tawi kavu. Nilipoitikisa iligonga kioo.

Najua watakaojibu. Wapo wagonjwa wanaoelezwa vizuri na wasirudi, kwa sababu maumivu yameisha, au nauli hakuna, au wanaogopa kamera. Ni kweli, wapo. Najua pia madaktari wamezidiwa na foleni, na yule aliyemfanyia shangazi operesheni ya kwanza pengine alikuwa na wengine sita siku ile. Nakubali. Lakini hata mgonjwa asiyerudi hajasahaulika ikiwa kuna mtu mwenye jina lake kwenye daftari na tarehe imepita. Mtu huyo anapiga simu. Hapokei, anampigia ndugu yake. Kinachohitajika ni kaunta buku yenye safu tano: jina, namba yake ya simu, namba ya ndugu, tarehe ya kuwekewa, tarehe ya kutolewa. Chumba cha upasuaji kinahesabu pamba na sindano kabla ya kufunga mshono, na ikipungua moja watu hawatoki. Stenti tunaiacha ndani kwa makusudi, halafu hesabu yake tunamkabidhi mtu aliyekuwa amelala nusu kaputi!

Na lugha ibadilike. Aliyewekewa aonyeshwe stenti nyingine kama hiyo, aishike mkononi, aambiwe: moja kama hii imo ndani yako, iko tofauti na mpira wa mfuko, na itatoka tarehe fulani. Iandikwe kwenye cheti kwa Kiswahili kamili, kwa herufi kubwa, na ndugu anayemsindikiza asikie pia. Zipo stenti zenye uzi unaotokeza nje, huvutwa bila kamera, ila uzi nao huweza kunaswa stenti ikatoka kabla ya muda. Na kuna operesheni nyepesi za mawe ambazo hazihitaji stenti kabisa, jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kuliuliza.

Hilo neno kwenye ripoti nalitaka liondoke. Waandike "haikutolewa", kisha waandike ilitakiwa kutolewa lini.

Baada ya operesheni ya pili daktari alieleza kuwa mrija umechubuka, hivyo amelazimika kuacha stenti nyingine, mpya, kwa wiki mbili. Niliogopa shangazi atalia. Hakulia. Alimwomba kalamu, akamgeuzia kile cheti upande usioandikwa kitu, akamwambia, "Mwanangu, niandikie hapa tarehe, na uandike na namba yako." Akaandika. Ilipofika tarehe ile shangazi alikuwa mlangoni kabla kliniki haijafunguliwa. Hazikupita dakika kumi. Nesi alipotaka kuitupa kwenye ndoo, shangazi akamzuia mkono, akaitazama kuanzia ncha hadi ncha, zote mbili zimejikunja, safi, hazina hata chembe ya ukoko.

"Iko nzima?" akauliza.

"Iko nzima, mama."

Ndipo akashuka kitandani.