Usizime Kompyuta Yako

Asilimia 30. Nimekwenda kunywa chai, nimerudi, bado asilimia 30. "Usizime kompyuta yako." Niizime mimi tena, wakati imejizima yenyewe katikati ya ripoti inayosubiriwa na wakubwa?

Mfumo wenyewe sitautaja. Mimi ni mtu mwenye heshima zangu.

Basi akatokea yule kijana wa stika. Kila ofisi inaye: laptop imejaa stika hadi huoni rangi yake. Akasimama nyuma yangu, akaguna.

"Pole mzee. Ila umejitakia."

"Nimejitakia nini, mdogo wangu?"

Ungejua, usingeuliza. Akaanzia Windows 95: eti saa yake ya ndani ilihesabu milisekunde kwa biti 32, ikijaa, yaani baada ya siku 49.7, mashine inaganda. Na hitilafu hiyo ilipita miaka bila kujulikana. "Unajua kwa nini, mzee? Nani aliwahi kufikisha siku hizo bila kuangushwa na kitu kingine?" Akacheka peke yake. Akanipeleka Chicago, Aprili 1998: Bill Gates jukwaani anainadi Windows 98, msaidizi anachomeka skana, skrini ya bluu, ile ya mashine iliyokufa, hiyo hapo mbele ya umati. Akarudi Julai 19, 2024, kompyuta kama milioni 8.5 chini, ndege haziruki.

Hapo nikamkatiza. Ile ilikuwa apdeti mbovu ya CrowdStrike, programu ya ulinzi, Windows ilibebeshwa lawama tu.

"Na nani aliiruhusu ikae ndani ya kerneli, kiini chenyewe cha mfumo?"

Nikanyamaza. Hakuna kinachoudhi kama mbishi mwenye hoja.

"Yangu mimi ina Linux, mfumo mwingine kabisa," akasema, "sijaizima tangu mwaka jana."

Hongera. Basi nichapie kurasa mbili hizi. "Aa, hiyo printa sijapata dreva yake, programu ya kuiendesha." Haya, tusikilize kikao basi. "Sauti inataka amri kidogo tu." Akafungua dirisha jeusi, akaandika mstari. Likamjibu mistari arobaini. Akasema, "Subiri." Akaandika tena. Yangu imefika asilimia 31, yeye bado anaandika, na jasho limeanza kumtoka.

Uimara gani huo jamani! Hata kabati la mafaili halijawahi kuonyesha skrini ya bluu!

Dada wa uhasibu naye hutuambia Mac yake haigandi, "inafikiri". Kigurudumu cha rangi kinazunguka, yeye anatabasamu. Kabla ya Mac OS X kuja mwaka 2001, huko nako programu moja ikifa iliweza kuondoka na mashine nzima. Jaribu kumwambia.

Mimi wala sidai mashine isiyoanguka. Ianguke, lakini ianguke Ijumaa jioni. Na isinionee huruma! Kwenye Windows 8, mwaka 2012, wakatuwekea kile kiuso cha huzuni. Huzuni ya nini? Aliyepoteza kazi ni mimi!

Haya, imewaka. Inataka nywila. Ya zamani imekwisha muda, niweke mpya: herufi kubwa, namba, alama, na isifanane na zilizopita. Nimeweka jina la mama mkwe na mwaka aliozaliwa. Imekataa. Eti ni dhaifu.

Mama mkwe wangu? Dhaifu?