Maili 12 si Kinga ya Bahari

Kiambatisho cha Nne cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, ndicho sheria kuu ya dunia kuhusu majitaka ya vyoo vya melini, na kilianza kutumika tarehe 27 Septemba 2003, miaka 30 baada ya mkataba wenyewe kuandikwa. Kinazihusu meli za safari za kimataifa zenye ukubwa wa tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15. Meli isiyo na mtambo wa kusafishia inaruhusiwa kumwaga kinyesi kibichi, mradi iwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, iwe mwendoni, na imwage kidogo kidogo. Kinyesi kikishasagwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu, zaidi ya maili 3 zinatosha.

Sheria hii imejengwa juu ya imani kwamba bahari ni kubwa na uchafu utapotea. Katika maji makuu imani hiyo ina mantiki kiasi. Lakini mlango wa bahari kati ya Unguja na Bara, katika sehemu zake nyembamba, haufikii maili 24, kwa hiyo meli iliyo katikati kabisa bado iko ndani ya maili 12 kutoka upande mmoja au mwingine: kinyesi kibichi hairuhusiwi kukimwaga hapo, lakini kilichosagwa na kutiwa dawa inaruhusiwa. Wavuvi wetu wanajua jinsi mkondo unavyobeba kitu chochote kinachoelea, na haujali maili zilizoandikwa kwenye mkataba.

Linalonisumbua zaidi ni cheti. Mtambo mpya hupimwa kabla ya kuidhinishwa, na tangu mwaka 2010 viwango vinautaka usitoe zaidi ya vijidudu 100 vya kinyesi katika kila mililita 100 za maji. Baada ya hapo meli hupewa cheti kinachoweza kudumu miaka 5, na kiambatisho chenyewe hakikudai kwamba maji yanayotoka yachukuliwe sampuli katika muda huo. Ilhali mitambo mingi hufanya kazi kwa bakteria wanaokula uchafu, na bakteria hao hufa pale mhudumu anapomimina dawa kali ya kusafishia choo. Mtambo unaweza kuendelea kunguruma huku hausafishi kitu, na cheti kikabaki ukutani. Mafuta yamewekewa kitabu cha kumbukumbu ambacho mkaguzi hukifungua. Taka ngumu nazo vivyo hivyo. Majitaka ya vyoo hayakuwekewa, na sioni sababu yoyote ya kuyapa upendeleo huo.

Bahari ya Baltiki inaonyesha kwamba inawezekana kwenda mbali zaidi. Ni bahari iliyozingirwa karibu pande zote, ambayo maji yake huchukua takriban miaka 30 kubadilika, na nitrojeni na fosforasi zimeilisha mimea ya majini hadi sehemu za chini zikakosa hewa. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Bahari liliitangaza kuwa eneo maalumu kwa majitaka: meli za abiria ama ziwe na mtambo unaoondoa virutubisho hivyo, ama zikabidhi majitaka bandarini. Hata hivyo, amri hiyo ilizibana meli mpya kuanzia 1 Juni 2019 na nyingi za zamani kuanzia 1 Juni 2021, kwa kuwa masharti hayangeweza kuanza kabla nchi za pwani hazijathibitisha kwamba bandari zao zina uwezo wa kupokea. Naiona miaka hiyo ya kusubiri kuwa ndiyo funzo lenyewe, kwa maana nahodha huwezi kumwamuru ashikilie majitaka yake iwapo gatini hakuna bomba la kuyapokea. (Meli za mizigo, kwa bahati mbaya, zimeachwa nje ya katazo hilo.)

Kwetu kuna pengo jingine. Boti zinazovusha mamia ya abiria kila siku kati ya Dar es Salaam na Unguja ziko katika safari ya ndani, kwa hiyo kiambatisho hakiziwajibishi. Ni sheria zetu wenyewe tu zinazoweza kuzishika. Naziomba mamlaka zetu, Bara na Visiwani, zisisubiri mkataba urekebishwe. Kila boti iwe na tangi la kuhifadhia, kila gati la abiria liwe na bomba la kupokelea ambalo gharama yake imo ndani ya ada ya bandari, ili anayemwaga baharini asiwe na chochote anachookoa, na mkaguzi apewe chupa ya sampuli pamoja na mamlaka ya kuizuia boti ambayo maji yake yameshindwa kipimo.