Pesa Inayofika Kabla ya Salamu

Mwaka 1993 baba alikuwa karani wa bohari Dar es Salaam na bibi alikuwa Mbinga, kama kilomita elfu moja kwa barabara. Kila baada ya miezi miwili mitatu baba alinunua mche wa sabuni, akaukata katikati, akachimba kishimo kwa ncha ya kisu, akatia noti za elfu moja zilizoviringishwa kwenye nailoni, kisha akaubana tena kwa maji ya moto hadi ufa usionekane. Sabuni ilikwenda na msafiri anayefahamika, au kondakta, pamoja na barua. Barua ilieleza kwa mafumbo kwamba mche ule usianze kufuliwa kabla bibi hajaukata kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kwanza ilipita kwenye salamu: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Jibu likiwahi sana lilifika baada ya wiki tatu.

Jumanne iliyopita, saa moja kasoro asubuhi, nikiwa napiga mswaki, simu ikatetemeka. Ni mpwa wangu, yuko kijiji kilekile. "Shkamoo mjomba naomba 20 na ya kutolea." Ishirini ni elfu ishirini. Ya kutolea ni makato ya kwa wakala, ambayo siku hizi adabu inamtaka anayetuma ayabebe. Nilituma kwanza, marahaba nikaiandika baadaye.

Hapo ndipo ubishi wetu wa misibani na vijiweni unapoanzia. Wazee wanasema simu imekula utu, ndugu amegeuka namba. Vijana wanawacheka: mnalilia enzi za kumpa kondakta hela na kuomba Mungu? Mimi nimezaliwa katikati, nimeibeba ile sabuni hadi stendi na nimeshika simu hii, na naona pande zote mbili zinagombania kitu ambacho sicho.

Tuanze na faida, maana ni kubwa na haifai kupitiwa juujuu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Wachumi wawili, Tavneet Suri na William Jack, walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa. Waliona kwamba kaya isiyotumia huduma hiyo ikipatwa na janga, tuseme ugonjwa au kazi kupotea, matumizi yake yalishuka kwa takriban asilimia 7. Iliyokuwa ikiitumia haikutetereka, kwa sababu ndugu na marafiki wengi zaidi waliweza kuchangia, tena kutoka mbali. Mwaka 2016 wakaandika kwamba huduma hiyo imezitoa kwenye umaskini kaya zipatazo 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo.

Mimi sikuhitaji takwimu kuamini. Miaka minne iliyopita shangazi alizidiwa saa nane usiku. Mwenye gari pale kijijini alikuwa tayari kumpeleka hospitali ya wilaya, ila tangi lilikuwa tupu, na mwenye mafuta ya kwenye madumu hakopeshi mtu. Nilituma nikiwa nimekaa kitandani, taa haijawashwa. Dakika mbili baadaye nilisikia kwenye simu mlango wa gari ukifungwa. Kwa njia ya baba, habari ingekuja kwa telegramu, ile iliyolipiwa kwa neno, na wengi waliopata telegramu ya namna hiyo walisafiri kwenda kuzika. Mzee anayesema zamani kulikuwa na utu zaidi, kwanza anijibu kuhusu usiku ule.

Upande wa pili nao una watu makini. Mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake wawili waliishambulia hesabu ya Suri na Jack: mmehesabu biashara ndogo zinazozaliwa, zinazokufa mmezitia wapi? Na madeni je? Swali la madeni si la kubeza. Kenya ilipata M-Shwari mwaka 2012, ukaweza kukopa kwa simu bila kumuona mtu. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo salio lisipotosha inakukopesha palepale ili muamala ukamilike. Tanzania nayo ina huduma za sampuli hiyo. Zamani kukopa kulikuwa na aibu yake: unakwenda dukani, unasubiri wateja waondoke, unainama kidogo. Sasa unakopa ukiwa kwenye daladala na jirani yako wa kiti hajui. Kuna gharama pia. Tozo ya miamala iliyoanza Tanzania Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, iliwarudisha baadhi ya watu ninaowajua kwenye bahasha ya kondakta, mpaka ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Nilicheka wakati ule. Sabuni tu ndiyo iliyokosekana.

Lakini hayo ni mambo ya viwango na sheria, yanarekebishika. Linalonishughulisha zaidi halimo kwenye hesabu ya yeyote kati yao. Ile safari ndefu ya barua ilikuwa chujio. Bibi alikuwa na shida nyingi, ila zilizostahili karatasi, kalamu na mtoto wa darasa la tano wa kuandikia zilikuwa chache. Shida ya chumvi iliisha hapohapo, kwa jirani. Iliyomfikia baba ilikuwa bati limetoboka au ada. Na baba, akiisoma siku ya kumi, alikuwa na haki ya kuwa hana. Angeweza kusubiri mwisho wa mwezi bila mtu kumuona bahili, kwa kuwa hakuna aliyejua barua imemfikia lini. "Barua yako nimechelewa kuipata" ilikuwa sentensi ya heshima. Ilimsitiri aliyeombwa na ikamsitiri aliyeomba.

Leo chujio hilo halipo. Shida ya chumvi inasafiri kilomita elfu moja kwa sekunde tatu, jirani mwenye chumvi anarukwa. Ukinyamaza, umeonekana uko hewani. Ukisema huna, unaambiwa ungekopa humo humo kwenye simu. Nina rafiki anayezima simu tarehe 25 hadi 30 na kusingizia chaji. Mtu mzima, ana watoto watatu, anajificha kama mwanafunzi mtoro.

Harusi ndiyo inayoonyesha jambo hili wazi zaidi. Kadi ya mchango zamani ililetwa nyumbani, ukakaa nayo juu ya kabati, ukajibana, ukapeleka bahasha imefungwa. Sasa unaamka umeshaingizwa kwenye kundi la kamati. Kila jioni katibu anabandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Mbele ya jina langu niliwahi kukaa na "ahadi 100,000, lipwa 0" kwa siku kumi na saba, watu mia mbili na kitu wakiniona, wakiwemo wakwe. Nililipa. Kwa kukopa.

Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono wazee moja kwa moja, na sababu ni huyohuyo mtoto wa darasa la tano. Kila siri ya bibi ilipita kwenye kalamu yake, na jioni mama yake alishaijua. Msomaji wa majibu naye alikuwa mwalimu au katekista. Hivi sasa dada yangu anaweza kuniambia saa tano usiku jambo ambalo mumewe hatakiwi kulijua, na hela ikaingia kwenye laini yake bila kelele. Kwa mwanamke wa kijijini hilo ni badiliko kubwa kuliko kasi yenyewe. Ingawa wapo mabibi wengi ambao namba ya siri anaijua mjukuu, na wakala anaijua pia kwa kuwa ndiye anayewabonyezea. Kwao mwandishi wa barua amebadilika jina tu.

Na zile salamu ndefu? Tuwe wakweli. Tulizinakili. Kila barua ilikuwa na hofu na mashaka yaleyale, hata ya mtu aliyekuwa hana hofu yoyote. Ninachokikumbuka mimi ni kilichofuata baada ya salamu, kwa sababu karatasi ilikuwa bado na nafasi na ilikuwa dhambi kuiacha tupu. Baba alipostaafu tulifungua sanduku lake tukakuta jibu moja la bibi. Mstari mmoja ni wa hela: zimefika, zote. Ukurasa mzima uliobaki ni wa mbuzi aliyezaa pacha, ugomvi wa mpaka wa shamba, na ile sabuni, kwamba ilikuwa nzuri, haikuwasha mikono, na alikuwa bado anaifulia.

Jumanne ile, baada ya kuandika marahaba, nikamuuliza mpwa wangu kahawa imekaaje mwaka huu. Tiki zikawa bluu, kimya. Nikajisemea, haya basi, wazee wameshinda. Saa kumi na moja jioni akapiga kwa video. Akaitembeza simu kwenye mibuni, mstari kwa mstari, nikaona ule mteremko nyuma ya nyumba ya bibi ambao sijaukanyaga tangu 2016, nikasikia mtu akipasua kuni, nikamuona mbwa nisiyemjua jina. Akasimama kwenye mbuni mmoja, akausogeza mkono karibu na kamera.

"Mjomba, unayaona haya majani yalivyo njano?"

Mbolea. Nikamuuliza mfuko shilingi ngapi.