Visagio Vipya vya Kahawa vya Mkono: Vinamfaa Nani Kigoma?

Kisagio cha kahawa cha mkono ni chombo cha zamani, kwani Peugeot wa Ufaransa walikuwa wakikitengeneza tangu mwaka 1840, na kwa muda mrefu hakikubadilika sana. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, watengenezaji kama Comandante wa Ujerumani, 1Zpresso wa Taiwan na Timemore wa China wamekuwa wakishindana kukibuni upya, na kila toleo jipya hutangazwa kana kwamba lililotangulia halikuwa likisaga kahawa hata kidogo. Wazo jipya la aina hii haliwezi kupimwa bila kuuliza kahawa itakayosagwa itapikwaje. Hapa Kigoma jibu la swali hilo si moja. Kahawa ya aina ya arabika inalimwa kwenye milima ya Kalinzi na Matyazo, na baadhi ya watu wanaoishughulikia wanataka kuonja ubora wake. Lakini kahawa inayonywewa vijiweni Mwanga na Ujiji hukaangwa hadi iwe nyeusi, hutwangwa kinuni au kusagwa kwenye mashine ya chuma inayobanwa mezani, kisha huchemshwa kwenye birika juu ya mkaa.

Wazo ambalo nalikubali karibu bila masharti ni la kushikilia shafti, yaani mhimili unaozungushwa na mpini, kwa beringi mbili, moja juu na nyingine chini. Ndani ya kisagio kuna koni yenye meno inayozunguka ndani ya pete yenye meno, na ukubwa wa chembe hutegemea nafasi iliyopo kati ya viwili hivyo. Katika visagio vya bei nafuu vya kizazi kilichopita, kwa mfano toleo la awali la Skerton la kampuni ya Hario ya Japani, koni ya seramiki ilining'inia kwenye shafti iliyoshikiliwa upande wa juu peke yake, hivyo kila ulipoilegeza ili upate unga mkubwa, koni ilianza kuyumba. Matokeo yake yalikuwa vumbi na vipande vikubwa katika unga mmoja: vumbi likatoa uchungu, vipande vikatoa maji matupu yenye ukakasi. Beringi mbili zimeondoa tatizo hilo kwa njia ambayo hata ulimi usiozoea unaitambua, na kama beringi yenyewe ni ya saizi ya kawaida, fundi wa pikipiki anaweza kuibadilisha bila kuagiza kitu ng'ambo.

Kuhusu pete ya kurekebishia iliyohamishiwa nje ya mwili wa kisagio, nina mashaka zaidi. Wanaoitetea wana hoja ya kweli, kwa kuwa katika muundo wa zamani mtu hulazimika kufungua kikombe cha chini na kuzungusha nati iliyo chini ya koni, akihesabu hatua kwa kusikiliza mlio wake, ilhali pete ya nje ina namba zinazosomeka hata kahawa ikiwa ndani. Anayepika espreso asubuhi na kahawa ya kuchuja jioni ataishukuru. Lakini pete hiyo inahitaji nyuzi pana za skrubu, kipira au springi ya kuibana, na sehemu kadhaa zinazonasa unga na mafuta ya kahawa, na kila sehemu iliyoongezwa ni sehemu inayoweza kuharibika mahali ambapo kipuri chake hakipatikani. Mtu anayepika kahawa ya aina moja mwaka mzima huirekebisha mara chache mno, na nati ya ndani inamtosha.

Hoja ya hatua ndogo ndogo za kurekebisha ukubwa wa chembe inahitaji uangalifu wa ziada, maana hapo ndipo matangazo yanapopotosha. Kisagio cha C40 cha Comandante husogeza koni kwa takriban mikromita 30 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa kila hatua, na washindani wake hujitangaza kwa hatua zilizo ndogo kuliko hiyo. Kipimo hicho ni cha koni kupanda na kushuka. Kwa kuwa pande zake zina mteremko, nafasi halisi kati ya meno hubadilika kwa kiasi kidogo zaidi, na visagio viwili vyenye koni za mteremko tofauti haviwezi kulinganishwa kwa namba hiyo peke yake. Katika espreso, ambayo maji husukumwa kwa nguvu kupita kwenye unga laini kwa nusu dakika hivi, tofauti ndogo kama hiyo hubadilisha mwendo wa maji na ladha pia. Katika kahawa ya birika, ambayo unga hukaa ndani ya maji ya moto kwa muda mrefu hadi karibu kila kinachoweza kutoka kimetoka, sioni namna mnywaji atakavyotambua hatua moja au hata tatu.

Koni pana nazo zina sura mbili. Koni ya milimita 48 husaga gramu 20 kwa mizunguko michache kuliko ile ya milimita 38, lakini kila mzunguko hudai nguvu kubwa zaidi ya mkono. Kwa kahawa ya milimani iliyokaangwa kidogo, ambayo punje zake ni ngumu, nguvu hiyo huhisiwa hadi begani. Kwa kahawa nyeusi ya kijiweni, ambayo hupasuka kwa urahisi, faida na gharama zote mbili hupungua.

Wapo waliopunguza upana wa tundu la kupitishia punje ili ziingie chache chache kwenye meno, zisirundikane na kusagwa mara ya pili, jambo linalopunguza vumbi. Wazo ni sahihi, ila mtumiaji anaweza kulifanya bure kwa kukiinamisha kisagio anaposaga. Ndivyo ilivyo pia kwa unga unaorukaruka na kung'ang'ania kuta za kikombe kwa sababu ya umeme tuli: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na timu iliyomhusisha Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon ulionyesha kwamba maji kidogo yakiongezwa kwenye punje kabla ya kusaga hupunguza chaji hiyo kwa kiasi kikubwa. Kikombe cha bei kubwa kinachodai kuzuia tatizo hilo kinashindana na tone la maji.

Kuhusu kuondoa mpini na kufunga mashine ya kutobolea juu ya shafti, nitasema tu kwamba beringi na nyuzi zilizokusudiwa mkono wa binadamu hazikukusudiwa kasi hiyo. Mafundi wetu watajaribu hata hivyo.

Lakini kuna kasoro moja kubwa ambayo matoleo haya karibu yote yanashirikiana, na mijadala ya mikromita huificha: yamebuniwa kwa ajili ya kikombe kimoja au viwili. Vyumba vyake vingi vya kuwekea punje hubeba gramu 20 hadi 40. Muuza kahawa wa Ujiji anayetaka nusu kilo ya unga kabla ya kutoka na birika lake atalazimika kujaza na kumwaga zaidi ya mara kumi, na ni wazi kwamba kinu na mchi vitammalizia kazi mapema zaidi. Kumwambia anunue kisagio ambacho katika soko la Ulaya kinazidi euro 200, kwa kahawa ambayo mteja hunywa kwa kashata, ni kumtania.

Mizani hubadilika tukimfikiria mkulima wa Kalinzi. Mkulima huuza kahawa bila kuionja, na anayeipangia daraja ni mtu mwingine. Kuonja kwa haki kunahitaji sampuli zote zisagwe kwa ukubwa ule ule, kwa kiasi kidogo kidogo, na bila sampuli moja kuacha masalia mengi ndani ya chombo yakaharibu inayofuata. Mambo hayo matatu ndiyo hasa kisagio kipya cha mkono kinayafanya vizuri, na kinayafanya bila umeme, katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa. Chumba kidogo, ambacho kwa muuza kahawa ni kasoro, kwa mwonjaji ni sifa.

Kwa hiyo kikundi cha wakulima kikichanga fedha za kununua kisagio kimoja cha kuonjea, ningekishauri kichague chenye beringi mbili, koni ya chuma na nati ya ndani, na fedha itakayobaki kwa kuacha pete ya nje na koni pana itumike kununua mizani ndogo ya kupimia gramu. Kwa muuza kahawa wa mjini, ubunifu ninaousubiri bado haujafika: mwili wa chuma unaobanwa mezani kama mashine za zamani, chumba cha angalau gramu 250, na ndani yake shafti ile ile iliyoshikiliwa juu na chini.