Dar es Salaam: mpango unaomfuata mjenzi kwa nyuma

Mjadala wa ujenzi jijini Dar es Salaam huonekana kama mvutano kati ya maofisa mipango miji, wanaotaka kila kipande cha ardhi kiwe na matumizi yake kwenye ramani, na makandarasi wanaolalamika kwamba vibali vinachelewesha kazi na kula mtaji. Hoja za pande zote mbili zina uzito, lakini nionavyo, kinachouumiza ujenzi zaidi ni kuchelewa kwa mipango kuliko ukali wake.

Jiji liliandaliwa mipango kabambe, yaani ramani kuu za matumizi ya ardhi yake, mwaka 1949, 1968 na 1979. Huo wa 1979 uliendelea kutegemewa muda mrefu baada ya jiji kuvuka mipaka uliyoifikiria, na wananchi hawakusubiri mwingine. Walinunua mashamba Kimara na Mbagala kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa, wakaita fundi, wakajenga. Ndiyo maana hukadiriwa kwamba asilimia 70 hivi ya wakazi wanaishi katika maeneo yasiyopangwa. Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo hayo, unapofika, hupima kilichokwisha kujengwa: barabara inapita palipobaki, na eneo la shule halipatikani ila kwa kulipa fidia.

Watetezi wa ujenzi wana haki kusema kwamba utaratibu huo usio rasmi umewapa watu makazi pasipo mkopo wa benki, na umewapa riziki mafundi, saidia fundi, wauza kokoto na mama ntilie. Anayedai michoro ya msanifu aliyesajiliwa kwa kila nyumba ya vyumba viwili hatamzuia mwenye kipato kidogo kujenga. Atamfanya ajenge kwa kujificha.

Hoja hiyo, hata hivyo, haifiki kwenye maghorofa ya eneo la biashara la Kariakoo. Ghorofa lililoporomoka huko Novemba 16, 2024 liliua watu wasiopungua 29, na lile la katikati ya jiji mwaka 2013 liliua 36. Kulegeza ukaguzi wa majengo ya namna hiyo kwa jina la kusaidia sekta ni kumbebesha mpita njia gharama ya faida ya mwenye jengo. Ukali uelekezwe huko, na nyumba ndogo zipewe michoro ya mfano na kibali cha haraka.

Suala la bonde la mto Msimbazi, unaokatiza jijini, ni gumu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mafuriko yameonyesha sababu yake. Lakini Desemba 2015, nyumba zilizowekwa alama ya X zilipobomolewa Mkwajuni na Hananasif bondeni humo, waliopoteza ni watu waliokuwa wamejenga mchana kweupe, tofali kwa tofali, mbele ya macho ya mamlaka zilezile. Sheria inayolala wakati wa msingi na kuamka wakati wa paa haiwezi kuitwa mpango.

Mfano wa mpango kumtangulia mjenzi upo. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Bunju, Tuangoma na Kibada kwa fedha zilizotarajiwa kurudi kupitia mauzo ya viwanja vyenyewe. Wazo lilikuwa zuri, lakini bei na ukubwa wa viwanja viliwafaa zaidi wenye fedha, na vingi vilikaa miaka vikiota nyasi vikisubiri thamani ipande. Fundi hapati kazi kwenye nyasi, hata kama ramani ni safi. Viwanja vidogo zaidi, vyenye barabara walau ya changarawe na bomba la maji kabla ya kuuzwa, vingempa kazi mkandarasi na vingemtoa mnunuzi bondeni. Masharti ya hati ya kiwanja humtaka mmiliki aendeleze kiwanja ndani ya miezi 36, sharti zuri dhidi ya walanguzi. Ila halmashauri ambayo haijapeleka maji wala barabara haina uso wa kumdai.